Alamu ya moshi yalia piip usiku kucha, naomba ushauri

Salaam aleikum jamani, nisaidieni mwenzenu. Niko Tudor, Mombasa, flati ya kupanga, na kuna alamu ya moshi hapo koridoni karibu na mlango wa jikoni, tangu Jumapili inapiga piip moja kila baada ya dakika hivi na moshi hakuna, hata samaki sijakaanga. Nimebadilisha betri, ile ya mraba ya volti 9, nikaipangusa vumbi kwa brashi, nikafinya kile kibonye cha kujaribu ikalia vizuri tu, saa mbili baadaye piip. Kuigeuza nyuma naona imeandikwa 2012, na nasikia hizi mwisho wake miaka 10. Fundi wa stima asema ni unyevu wa bahari niiache tu (simwamini sana).

Sasa hii ni ya kutupa ama kuna namna?

Na la pili, gesi ikiisha mamangu huwasha jiko la makaa mle ndani na madirisha kafunga sababu ya mbu, nshamwambia alitoe nje hasikii, kwa hivyo nataka ninunue na alamu ya kaboni monoksidi, ile hewa ya sumu itokayo kwenye makaa, maana hiyo hewa haina harufu kabisa. Naifunga wapi, chumbani anakolala ama koridoni?