"Disrupt" au "disturb" kwenye barua ya mteja?

Kijana_wa_Kilindini
Hamjambo jamani. Niko kwenye kampuni ndogo ya kutoa mizigo bandarini Mombasa. Mvua imekata barabara, makontena yamekwama, nami natakiwa niwaandikie wateja kwa Kiingereza. Nimeandika "heavy rains disrupted our deliveries". Mwenzangu ashikilia ni "disturbed". Kamusi yetu ya hapa ofisini yatoa "vuruga" kwa zote mbili. Nani yuko sawa? Na mbona vijana wa programu za simu kule Nairobi husema "we disrupt" kwa kujivuna?

Mzee_Makupa
Andika yoyote. Mteja ataka kontena, hataki sarufi.

MamaMaua
Mwanangu, uko sawa wewe. Mimi neno hili lilinikaa kichwani Aprili 2010, nikiwa banda la kufungia maua Naivasha. Volkano ya Eyjafjallajökull kule Iceland (usiniulize hutamkwaje) ililipuka, jivu likatanda, na sehemu kubwa ya anga ya Ulaya ikafungwa kwa siku kadhaa. Ofisini wakabandika tangazo: "flights to Europe are disrupted".

Sasa angalia. Ndege zilikuwa nzima, viwanja vizima, maua yetu mazima kwenye chumba cha baridi. Kilichokatika ni safari. Ua likishakatwa shambani halina muda: lifungwe, lipandishwe lori la baridi, liwahi ndege Jomo Kenyatta, lifike mnadani Aalsmeer kule Uholanzi likiwa bado limefumba. Pakikatika hapo katikati, hiyo ndiyo "disrupt". Chumba kilijaa hadi mlangoni, maua yakatupwa, mengine wakala ng'ombe. Vibarua wengi tukaambiwa tubaki nyumbani. Hakuna aliyesema "disturbed".

"Disturb" yahitaji kitu au mtu aliyetulia. Ndiyo maana mlango wa chumba cha hoteli hutundikwa "do not disturb": mtu amelala, usimsumbue. Mvua yenu haikumsumbua mtu usingizini, imekwamisha mizigo iliyokuwa njiani. Kwa Kiswahili ningesema "imekatiza" au "imekwamisha". "Vuruga" niiweke kwa mkutano: "they disrupted the meeting", wamevuruga mkutano.

Mhasibu_Nakuru
Hilo la kujivuna lina mwenyewe. Miaka ya 1990 Clayton Christensen, profesa wa Harvard, alieleza jinsi kampuni ndogo inavyoanza na wateja waliopuuzwa, kwa kitu rahisi na cha bei nafuu, kisha ikapanda polepole hadi ikawabana wakubwa. Wengi hapa kwetu hutaja M-Pesa ya 2007: ilimfikia mtu asiye na akaunti ya benki. Siku hizi hata anayeuza chapati kwa simu ajiita "disruptor", basi.

Ila kwenye barua yako, kijana, kiangalie kiima. "Rains disrupted" ni sawa. Ukiandika "we disrupted your delivery", umejishtaki mwenyewe, na wakili wa mteja ataihifadhi barua hiyo vizuri.