Familia changa Arua: tunaweza kufika mahali tukaishi kwa magawio?

MwalimuWestNile: Habari zenu ndugu. Nafundisha shule ya binafsi hapa Arua, mke wangu anauza vitenge sokoni, mtoto ana mwaka mmoja. Tukishalipa nyumba, chakula na kuwatumia wazee, tunabakiwa na kama shilingi laki tatu za Uganda kwa mwezi. Nataka tununue hisa za MTN (kampuni ya simu) na Stanbic (benki) kidogo kidogo, magawio, yaani faida wanayogawia wenye hisa, tuyanunulie hisa nyingine, hadi yatoshe matumizi ya nyumbani. Mke anasema afadhali kiwanja. Mlioanza mapema mnasemaje?

BibiWaBombo: Mwanangu, mtoto akilazwa kesho, hela inatoka wapi? Kama ni kuuza hisa, msianze bado. Soko letu la hisa la Kampala ni dogo, unaweza kuziweka hisa sokoni mnunuzi asitokee upesi. Kwanza wekeni matumizi ya miezi mitatu minne kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja, ambao wataalamu huwekeza pesa za watu wengi kwa pamoja, mnakoweza kutoa pesa ndani ya siku chache.

KaraniJinja: Wazo lako nalipenda, ila gawio si mshahara. Bodi ya kampuni ikisema mwaka huu hakuna, hakuna. Na kampuni nazo zina mwisho: kampuni iitwayo Umeme iliingia soko la hisa 2012, wengi wakaishikilia kwa ajili ya gawio, lakini mkataba wake wa kusambaza umeme uliisha Machi 31, 2025 na kazi ikarudi kwa UEDCL, kampuni ya serikali ya kusambaza umeme.

Mimi ningetanguliza hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali kwa miaka kadhaa nayo inakulipa riba. Unaanza na shilingi 100,000, riba inaingia kila miezi sita. Za miaka 10 na zaidi riba hukatwa kodi ya 10%, za muda mfupi zaidi 20%. (Gawio la kampuni iliyo sokoni, mtu binafsi hukatwa 10%.) Tuseme riba ni 15%: milioni 10 kwenye hatifungani ya miaka 10 inakuachia 1,350,000 kwa mwaka. Kama nyumba yenu inatumia 900,000 kwa mwezi, mnahitaji milioni 80. Kwa laki tatu zenu, riba yote ikinunuliwa hatifungani nyingine na kiwango kisishuke, ni kama miaka 11. Lakini bei za vitu zitakuwa zimepanda na huyo mtoto yuko shule, kwa hiyo jiandaeni kwa muda mrefu zaidi. Inawezekana kabisa, ila msidanganywe na anayewaahidi miaka mitatu.

MamaKoboko: Shemeji ana hoja kuhusu kiwanja, msimpuuze. Ila ardhi nyingi huku kwetu ni ya kimila. Wazee wa ukoo wasipokubali wote, mmenunua kesi.

BibiWaBombo: Na wewe mwalimu, hakikisha shule inapeleka michango yako NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni: 5% ya mshahara kutoka kwako, 10% kutoka kwa mwajiri. Hiyo ni akiba ambayo wengi wanaisahau.

MwalimuWestNile: Asanteni sana. Nimemsomea mke hesabu ya Karani, amekubali kiwanja kisubiri, dharura itangulie. Hatifungani tunaanzia wapi, lazima tusafiri hadi Kampala?

KaraniJinja: Hapana, anzeni na benki yenu ya kawaida. Waombeni wawafungulie akaunti ya hati za serikali Benki Kuu. Ya hisa ni nyingine, mnafungua kupitia dalali mwenye leseni. Na shemeji ahudhurie siku ya kujaza fomu, aulize maswali yake mwenyewe.