STERINGI HUYOOO?? Yule mtafsiri wa muvi mnayemjua kanivuruga usiku huu

Wakuu salamu sina, nimevimba.

Jina simtaji mana wote mnamjua, yule mwenye sauti kama kondakta aliyemeza spika. Leo nimekuta katafsiri The Third Man, ile ya 1949, nikasema Mungu kanikumbuka, nikawafukuza watoto sebuleni, nikakaanga na karanga, nikamwita wife nikamwambia ile picha ninayokuhadithia kila siku unasinzia, njoo uione mwenyewe.

Sasa wanaoijua wanajua. Vienna baada ya vita, mji umekatwa vipande vinne, Mmarekani na chake, Mrusi na chake, Mwingereza na Mfaransa navyo. Anakuja jamaa mmoja mwandishi wa vitabu vya makaoboi kumtafuta rafiki yake Harry Lime, anaambiwa kagongwa na gari, leo ndio anazikwa. Zaidi ya saa nzima Harry humuoni! Unasikia habari zake tu, mara mtu wa watu, mara alikuwa anauza penisilini iliyochakachuliwa watoto wakaharibika hospitalini. Halafu usiku, barabara kimya, kuna mtu kajibanza mlangoni gizani, unaona viatu tu, paka kamfuata anamchezea miguuni. Mwandishi kalewa anapiga makelele, ghorofani mtu kakereka kawasha taa, mwanga ukashuka usoni kwa yule wa mlangoni. Orson Welles, ndio Harry mwenyewe. Hasemi kitu. Anatabasamu kidogo kama mtu aliyekutwa anadokoa nyama jikoni.

Na huyu kiumbe akapayuka: "STERINGI HUYOOOOO!!" Na singeli juu yake.

Singeli wakuu!! Pale pana kinanda cha nyuzi cha Anton Karas, kinalazwa mezani kama kanuni ya taarab, picha nzima ala ni hiyo moja tu, na mwaka 1950 wimbo huo ulikaa namba moja Marekani wiki 11. Yeye kauzima kaweka singeli. Na huyo sio steringi!! Huyo ni ADUI! Steringi ni Joseph Cotten yule mlevi!

Nimemwandikia kistaarabu kabisa, kaka pale pangebaki kimya. Kanijibu, namnukuu: "mzee picha yenyewe haina rangi, shukuru hata nimeigusa, alafu hilo bembea wameiga kwa James Bond." Bembea ni lile gurudumu kubwa wanalopanda Harry na mwandishi. Mimi mzee? Nina 41. Wife kacheka mpaka karanga zikamwagika. Sasa hivi kila nikipita mlango wa jikoni ananiambia steringi huyooo.

Paka kwenye viatu, taa, sura, STERINGI HUYOOO. Sili, silali.

---

Chura Kiziwi: Povu lote hili kwa picha ya 1949? Mkuu kadi ya TANU unayo bado?

Kisiki Mpingo: Uzi bila picha ya huyo paka haujakamilika

Ndizi Mzuzu: Kwenye bembea mtafsiri kakosea. Lile gurudumu la pale Prater, bustani ya burudani ya Vienna, James Bond alipandishwa 1987, na aliyeiongoza hiyo Bond, John Glen, ujanani alikuwa msaidizi wa mtu wa sauti kwenye hii hii ya Harry Lime. Sasa nani kamuiga nani. Ile ya mwisho pia, dada aliyekuwa mpenzi wa Harry anatembea njia ndefu ya makaburini anampita yule mwandishi kama nguzo ya umeme, muongozaji Scorsese kaichukua kwenye The Departed.

Chura Kiziwi: Asante kwa kunimalizia picha, nilikuwa naidownload 😡

Ndizi Mzuzu: Ina miaka zaidi ya 70 mkuu, ulikuwa unasubiri nini

Mtoto wa Geti Kali: Steringi ni yule anayebaki na demu. Kanuni ya kibanda umiza.

Kisiki Mpingo: Hapo hakuna aliyebaki na demu. Graham Greene aliyeandika alitaka waondoke pamoja, muongozaji Carol Reed akagoma.

Mtoto wa Geti Kali: basi picha haina steringi, mtafsiri kahangaika kutafuta, msameheni

Mleta mada: Sisamehi. Pale mlangoni pangebaki kimya!!

Bibi wa Chanika: Nimesoma huko Vienna mpaka leo kuna ziara ya kulipia, unashushwa kwenye mitaro ya maji taka alikokimbizwa huyo Harry. Mzungu analipa kuingia kwenye mavi wakuu. Sisi Jangwani mvua ikinyesha tunashushwa bure.

Kisiki Mpingo: 😂😂 tena unaletewa mpaka kitandani

Chura Kiziwi: Bora mtafsiri. Mimi nalalamika mabasi ya mkoani. Wanakuwekea muvi Mbezi, inanoga, adui kashika bomu, mnafika Morogoro "chimbeni dawa dakika kumi", mkirudi kaweka kwaya. Nina muvi kama sita maishani sijui zilivyoisha.

Bibi wa Chanika: Na sauti juu mpaka kiti kinatetemeka, ukimwambia konda apunguze anakuuliza umepanda peke yako

Mtoto wa Geti Kali: Hizo dakika kumi zenyewe uongo. Niliachwa mimi hapo na kandambili mguu mmoja, begi likaenda Iringa.

Mleta mada: Jamani turudi kwenye mada, singeli pale mlangoni

Kisiki Mpingo: mguu mmoja vipi, mwingine ulikuwa wapi

Mtoto wa Geti Kali: Ndani ya basi, nilikuwa nimevua. Nimekaa pale na chipsi kavu elfu tatu, viazi tisa, nilivihesabu.

Bibi wa Chanika: Tisa? Wewe walikupendelea