Naomba ushauri: nilipie tiketi za msimu mwingine au nisuse?

Wakuu, habari za jioni.

Niko Marekani, mji mdogo wa chuo, chenyewe sikitaji. Nilikuja kusoma, nikabaki. Mwaka wa kwanza rafiki alinikokota uwanjani kutazama mpira wao, ule wa helmeti, sikuambulia kitu. Mwaka wa pili nilikuwa nazomea waamuzi kuliko wenyeji. Huu ni msimu wa sita nina tiketi mbili, yangu na ya binti yangu wa miaka tisa.

Shida ni kwamba tunafungwa. Tena tunaongoza mpaka robo ya nne, halafu tunaigawa mechi. Vijana wanajituma, sina neno nao. Ofisini ndiko kulikooza: kocha alipata msimu mmoja wa afadhali, wakamwongezea mkataba, leo kumfukuza ni ghali kuliko kumvumilia. Sasa wameniletea barua nilipe kabla ya Ijumaa pamoja na "mchango", la sivyo viti anapewa mwingine. Mama watoto kaisoma, kauliza bati za Kibaha zinanunuliwa lini.

Nikisusa nitawaumiza wao, au mimi na mtoto?

Mnyama Mvumilivu: Pole mkuu. Mimi Simba, nimeshuhudia ubingwa ukikaa Jangwani kwa Yanga misimu minne mfululizo, 2021/22 hadi 2024/25, na jezi nikanunua kila mwaka. Mgonjwa mwenzio huyu, tafuta daktari.

Mkazi wa Omaha: Njoo Nebraska ujionee. Pale Lincoln, kwenye timu ya Chuo Kikuu cha Nebraska, tiketi zinaisha kila mechi tangu 1962, na ubingwa wa taifa wa mwisho ni wa 1997. Mwaka 2003 walimtimua kocha Frank Solich akiwa na ushindi wa mechi tisa, eti haitoshi! Baadaye wakamleta Scott Frost, mtoto wa nyumbani kabisa: kashinda 16, kapoteza 31. Septemba 2022 wakamfukuza kwa fidia ya dola milioni 15, na wangesubiri Oktoba mosi ingeshuka nusu. Wiki tatu tu, jamani. Na uwanja ukaendelea kujaa.

Kwa hiyo kiti chako hawatakiona kikiwa kitupu, mkuu; pesa nene inatoka kwenye televisheni. Ila ule mchango una jina lako. Ukatae, waandikie kwa nini. Timu ikifungwa, tiketi za walanguzi huanguka bei siku ya mechi. Chukua mechi mbili, inatosha.

Bibi wa Wavu: Una binti, na hapa hakuna aliyetaja voliboli? Lincoln hiyohiyo, tarehe 30 Agosti 2023, watu 92,003 walijaa uwanja wa mpira kutazama voliboli ya wanawake. Walewale wanaomlilia Frost. Chuo chako hakina timu?

Kalamu Nyekundu: Mtoa mada usimsingizie mtoto, anayetaka kwenda ni wewe. Msikilize shemeji.

Mtoa mada: Kalamu Nyekundu umenipata, sibishi. Barua ya kukataa nimeiandika mara tatu. Ya kwanza ilikuwa na matusi. Timu ya voliboli ipo, na nimeona aibu, maana miaka yote hii sijawahi kuingia ukumbini kwao. Nimemwambia binti. Kauliza kama huko nako wanauza bisi.