Tupeane uzoefu: ukishavuka hatua ya mwanzo ya kutengeneza muziki kwa kompyuta, kazi hukwama wapi?

KinandaBubu
Wakuu, uzi huu ni wa waliokwisha kuzoea programu, iwe Ableton Live, FL Studio, Logic Pro au Reaper. Kupanga biti na kuchagua sampuli si shida tena, lakini kazi ikipigwa kwenye spika kubwa inanywea. Ushauri wa "sikiliza kwa makini" tumeuchoka. Leteni namba: unakata wapi, unabana kiasi gani, na kwa nini. Nianze mimi: kiki (pigo la ngoma ya besi) ikae karibu na dBFS -10 (desibeli 10 chini ya sifuri, kikomo cha sauti ya kidijitali), vingine vyote vipangwe kuizunguka, na masta (chaneli ya mwisho zinakokutana sauti zote) isivuke -6 kabla ya limita (kizuizi cha vilele).

Fundi_Desibeli
Hiyo -6 watu wameikariri tu, ndugu yangu. Programu za siku hizi hupiga hesabu zake kwa biti 32 za desimali inayoelea. Masta ikivuka sifuri ndani ya programu hakuna kinachokatika. Kinakatika pale unapotoa faili la biti 24 au 16. Shusha feda (kidhibiti cha sauti) ya masta kisha toa faili, basi.

KinandaBubu
Mkuu, na plagini (programu ndogo za ziada) je? Nyingi zinazoiga mitambo ya zamani zimepangwa zifanye kazi vizuri ishara ikiwa karibu na dBFS -18. Ukiiingiza ikiwa kwenye -3, inaanza kukwaruza hata kabla hujagusa kitufe. Feda ya masta haiwezi kurudisha kilichokwaruzwa huko nyuma.

Fundi_Desibeli
Hapo tunaongea kiwango cha kuingilia kwenye plagini, si cha masta. Hilo nakubaliana nalo kabisa.

SautiYaChini
Mnagombania masta wakati mgonjwa yuko chini ya Hz 100.

Hali yenyewe huwa hivi. Kwenye hedifoni kila kitu kiko sawa. Kazi inapelekwa ukumbini, sabufa zinapigwa mono kama ilivyo kawaida, na besi inatoweka. Baa ya kwanza ina uzito, ya pili haina kitu, ya tatu uzito unarudi nusu. Mtu anaongeza besi dB 3, anaongeza tena 3, limita inaanza kuhema na kiki nayo inasagika. Sasa ana matatizo mawili.

Chanzo mara nyingi ni fezi, yaani wimbi liko wapi kwenye mzunguko wake. Wimbi la Hz 50 huchukua milisekunde 20 kumaliza mzunguko mmoja. Besi ya Hz 50 ikichelewa milisekunde 10 nyuma ya mkia wa kiki wenye masafa hayohayo, yaani sampuli 441 kwa kiwango cha sampuli 44,100 kwa sekunde, moja inapanda wakati nyingine inashuka. Zikilingana nguvu, zinafutana. Kuongeza sauti hakugusi chanzo, kunakula tu nafasi ya limita.

Kwa nini baa zinatofautiana? Fungua sinthi (ala inayounda sauti kwa mawimbi). Kwenye sinthi ya Serum kila osileta (chanzo cha wimbi) ina kitufe cha RAND kando ya PHASE. RAND ikiwa juu, kila noti inaanzia mahali tofauti kwenye wimbi, kwa hiyo kila pigo linakutana na kiki kivyake. Ishushe hadi sifuri. Kisha tenga besi ya chini kabisa iwe na chaneli yake: wimbi la sine, sauti moja, bila unisoni (nakala za sauti zilizopishana kidogo), bila koras, mono tupu. Ile tabaka ya juu yenye unisoni na upana ikatwe kila kilicho chini ya Hz 120 hivi.

Baada ya hapo geuza besi kuwa faili la sauti, kuza picha mpaka uone mzunguko mmoja mmoja, isogeze mpaka mwinuko wake uende pamoja na wa kiki. Jaribu pia kugeuza polariti (wimbi juu chini); upande wenye uzito zaidi ndio sahihi. Na hapa wengi wanateleza: filta ya kawaida ya EQ (kisawazisha masafa) nayo inazungusha fezi. Ukilinganisha kwanza halafu ukaweka filta, umevuruga ulichopanga. Filta kwanza, kulinganisha baadaye.

MpangaTempo
Kweli tupu, mkuu. RAND hiyo inawatesa watu na hawajui iko wapi.

Binti_wa_Osileta
Kaka SautiYaChini ameeleza vizuri, mimi naongezea saidicheni, yaani kiki kuiamsha kompresa (kibana sauti) ili ishushe besi. Kwenye BPM 125 pigo moja ni milisekunde 480 (gawa 60,000 kwa BPM), nusu yake ni 240. Kama besi yako inapiga kati ya kiki na kiki, kompresa iwe imeshaachia kabla ya hiyo 240. Ataki (muda wa kuanza kubana) iwe milisekunde 1 au chini, rilisi (muda wa kuachia) anzia 120, halafu sikiliza. Usiishushe rilisi hadi 10 au 20: kompresa itaanza kufuata mizunguko ya besi yenyewe na utasikia mkwaruzo ambao hakuna EQ itakayouondoa.

Kiki ya kuiamsha kompresa pia isiwe ile inayosikika. Tumia nakala fupi iliyozimwa sauti. Hivyo hata ukibadilisha kiki ya wimbo au ukaitoa kabisa kwenye kipande fulani, mpumuo wa besi unabaki vilevile.

Mzee_wa_Saketi
Dada, kompresa ya nini hapo? Chora mkunjo wa sauti kwa otomesheni au plagini ya kuchonga sauti. Kompresa lazima isikie kiki ndipo ibane, mchoro haungoji kitu. Kila pigo linafanana, na unaona kwa macho besi inarudi saa ngapi.

Binti_wa_Osileta
Shikamoo mzee. Kwa kiki ya nne kwa nne uko sahihi. Mdundo ukivunjika, kiki zikitangulia na kuchelewa, mchoro unaojirudia kila pigo unakosa shabaha na kompresa inafuata kilichopo.

Mzee_wa_Saketi
Marahaba. Plagini nyingi za kuchonga zinaweza kuamshwa na noti ya MIDI (maagizo ya noti, si sauti yenyewe). Nakili noti za kiki, zipeleke huko, mdundo uvunjike utakavyo.

NotiTisini
Tusisahau ngazi za juu. Wanaocheza na FM, yaani wimbi moja (kirekebishi) kuyumbisha masafa ya jingine (kibebaji), uwiano wa masafa yao ndio kila kitu. Kibebaji 1 na kirekebishi 1 unapata harmoniki (vizidisho vya masafa ya noti) zote. 1 kwa 2 unapata za namba witiri tu, sauti inakuwa na uwazi kama wa wimbi la mraba. 1 kwa 1.41 sauti inageuka kengele. Hesabu hii ndiyo ileile ya sinthi ya Yamaha DX7 ya mwaka 1983.

Tatizo lake ni kukunjika kwa masafa. Kwa kiwango cha 44,100 mwisho ni nusu yake, Hz 22,050. Harmoniki ya 25,000 haipotei, inarudi kwenye 19,100, mahali pasipohusiana na noti yako. Kuipima ni rahisi: pandisha noti polepole kuelekea juu. Ukisikia milio inayoshuka wakati noti inapanda, ndiyo hiyo. Washa ovasampulingi (kupiga hesabu kwa kiwango cha juu zaidi) mara 4 kwenye sinthi na kwenye kila plagini ya kukwaruza. Prosesa ikilemewa, iwashe wakati wa kutoa faili tu.

MpangaTempo
Na LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi unavyosikika)? Kila mtu anasema masta iwe -14.

Fundi_Desibeli
Spotify inasawazisha kwenye -14, Apple Music kwenye -16. Hicho ni kiwango chao cha kuchezea, si amri ya kumasta. Muziki wa klabu ukitoka kwenye -8 watashusha sauti tu. Chunga kilele halisi kisivuke dBTP -1, maana faili likibanwa kuwa dogo vilele huongezeka.

KinandaBubu
Turudi kwenye kiki. SautiYaChini, nikitumia EQ ya fezi mstari (isiyozungusha fezi) si nakwepa mzunguko wote huo?

SautiYaChini
Unaukwepa, ila unaleta mwangwi wa kabla ya pigo: sauti hafifu inatangulia kiki na kuipunguzia ukali. Kadiri mkato ulivyo mkali na wa chini ndivyo unavyosikika. Kwenye tabaka ya juu ya besi itumie bila wasiwasi. Kwenye kiki weka filta ya kawaida, dB 12 kwa oktavu, kisha linganisha upya.