Mtoto wa miaka 3 anajigaragaza akinyimwa kitu: apewe, achapwe au aachwe?

Mhudumu wa afya ya jamii, Kisumu
Hamjambo. Swali hili linarudi sana kwenye ploti za Manyatta. Mtoto wa miaka 3 akinyimwa simu au mandazi anajitupa chini, anapiga mayowe, hata anajigonga kichwa. Mama anakataa, halafu kelele zikizidi anampa, kwa kuwa nyumba ni za mabati na jirani hulala mchana baada ya zamu ya usiku. Baba akiwepo ni kofi. Mama aanzie wapi?

Mwalimu wa chekechea, Nakuru
Aanzie kwenye hiyo "halafu". Hasira kati ya mwaka 1 na 4 ni za kawaida. Mtoto bado hana maneno ya kutosha. Kinachozikuza ni kukataa, kisha kukubali baada ya dakika kumi. Mtoto anajifunza kwamba bei ya mandazi ni dakika kumi za mayowe. Mama naye anafunzwa: akitoa, kelele zinakatika papo hapo, basi kesho atatoa upesi zaidi. Gerald Patterson, mwanasaikolojia wa Oregon, Marekani, aliueleza mzunguko huu, mzazi na mtoto wakifunzana. Kofi nalo limo humo humo. Linanyamazisha leo, baba anaona limefaa, lakini mtoto hajaonyeshwa afanye nini akinyimwa.

Kwa hiyo mama aamue kabla ya kufungua mdomo. Kama anajua atatoa, atoe mara moja. Akisema hapana, ibaki hapana. Siku za kwanza mayowe yatazidi, maana mtoto anapandisha bei. Wengi hushindwa hapo, na kukubali hapo ni kubaya kuliko kukubali siku ya kwanza: amefunzwa kuvumilia zaidi. Jirani aambiwe mapema, na zoezi lianze siku ambayo hajatoka zamu.

Mshauri wa malezi, Kakamega
Mwalimu, nakubaliana nawe, ila kupuuza peke yake ni nusu ya dawa. Mtoto asiyetazamwa akitulia atatafuta kutazamwa akilia. Kila siku dakika 5, simu ikiwa mbali: mtoto achague mchezo, mama amfuate bila kumwelekeza wala kumkosoa. Sifa itaje kitendo: "Umengoja nimimine uji bila kulia." Amri iwe moja, "Weka kikombe mezani", kisha ahesabu moyoni hadi 5 kabla ya kurudia. "Acha usumbufu" haimwambii la kufanya. Nyanya pia ashirikishwe. Akipenyeza mandazi kwa siri, kazi inaanza upya. Kujigonga kichwa hakupuuzwi: amhamishie kwenye godoro, bila hotuba, bila kumpa alichokililia.

Muuguzi wa kliniki ya watoto, Kisumu
Kabla ya hayo, hakikisheni anasikia vizuri. Aliyetimiza miaka 2 bila kuunganisha maneno mawili apelekwe kliniki. Akilia hadi pumzi ikakatika na midomo ikageuka samawati, apimwe damu. Upungufu wa madini ya chuma huchangia.

Tena, mama aandike saa za mayowe kwa siku 7. Umri huu unahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13, wa mchana ukihesabiwa. Mayowe yakirundikana kabla ya chakula au saa moja jioni, mtoto ana njaa au usingizi. Alishwe na kulazwa mapema kwanza, ndipo mbinu za mwalimu zijaribiwe.