Wenye mbwa wa kuchunga mifugo, tupeane uzoefu

#1
Wakuu, nina Border Collie wa miezi 11 na nimenyoosha mikono. Asubuhi nakimbia naye saa nzima. Tukirudi mimi nahema, yeye kashaleta mpira. Juzi nimetoka dakika 40 tu, nakuta godoro limechanwa, sponji hadi chooni. Mnaishije na hawa viumbe?

#2
Mkuu, hapo kwenye kukimbia ndipo unapojikaanga. Unamjengea pumzi, mwezi ujao atataka masaa mawili. Nilifanya kosa hilo nusu mwaka. Mpe kazi ya kichwa. Wangu hali tena kwenye bakuli. Chakula nakificha chembe chembe kwenye taulo lililokunjwa, chini ya ndoo, nyuma ya mlango. Dakika 15 za kunusa zinamlaza kuliko mbio zote zile. Yule Chaser wa Marekani alijua majina ya vitu 1,022, na alikuwa Border Collie kama huyo wako anayekula godoro.

#3
Sisi tuna Australian Cattle Dog, wale wanaoswaga ng'ombe kwa kung'ata visigino. Ng'ombe hatuna, basi visigino ni vya watoto. Wakianza kukimbia anawazunguka, anawabana kwenye kona ya ukuta, na mbishi anaonjwa kisigino. Wala si ukali, ni kazi aliyozaliwa nayo. Tuliwafundisha watoto kusimama kimya kama mlingoti, mchezo ukamwishia utamu.

#4
Na kupumzika nako wanafundishwa jamani. Wangu akijilaza mkekani namwekea kipande cha nyama kimya kimya, bila sifa wala kelele. Ilichukua wiki tatu.
Halafu, nje ya mada kidogo: baadhi ya jamii ya Collie wana kasoro ya jeni ya MDR1, na ivermektini, ile dawa ya minyoo na vimelea, ikizidi inaingia kwenye ubongo. Usimpige dawa ya ng'ombe kwa kukisia, muulize daktari wa mifugo.

#5
Mimi nilimtoa. Nilikuwa naondoka alfajiri narudi usiku, akaanza kufukuza vivuli ukutani, jioni nzima. Sasa yuko kwa mtu mwenye kondoo. Nilipokwenda kumwona alinilamba mkono mara moja, akageukia kondoo wake, kichwa chini, mguu mmoja hewani. Hakuniangalia tena.

#1
Mkuu wa #2, nimejaribu la taulo leo. Kamaliza dakika nne, na taulo kalichana. Ila amelala.